Soko Huru, Dini na Familia, au Taifa Kwanza: Mikondo Mitatu ya Uhafidhina wa Marekani Ikilinganishwa

Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa ukaazi halali wahamiaji takriban milioni 2.7 waliokuwa wakiishi Marekani bila vibali. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa kwa muhula wa pili, Rais Donald Trump alisitisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wote wawili ni wa Chama cha Republican, na kila mmoja ana wafuasi wanaomhesabu kuwa kinara wa uhafidhina. Mwanafunzi anayetaka kuzielewa sera za ndani za Marekani, au raia mpya aliyejiandikisha kupiga kura Minnesota au Texas na anayejiuliza asimame wapi ndani ya kambi hiyo, atagundua upesi kwamba kambi yenyewe ina mikondo inayovutana, na kwamba kuichagua kwa jina tu si kuchagua lolote.

Mikondo inayolinganishwa hapa ni mitatu. Wa kwanza ni wa soko huru, uliopata sauti katika jarida la National Review lililoanzishwa na William F. Buckley Jr. mwaka 1955, ukashindwa vibaya pamoja na Seneta Barry Goldwater katika uchaguzi wa urais wa 1964, kisha ukaingia madarakani na Reagan mwaka 1981. Wa pili ni wa dini na familia, uliojipanga kisiasa baada ya Mahakama ya Juu kuhalalisha utoaji mimba nchi nzima mwaka 1973, hasa pale mchungaji Jerry Falwell alipoanzisha vuguvugu la Moral Majority mwaka 1979. Wa tatu ni wa taifa kwanza: Pat Buchanan aliubeba mwaka 1992 alipompinga Rais George H. W. Bush ndani ya chama chao wenyewe, akashindwa, na miaka 24 baadaye Trump akashinda kwa hoja zinazofanana sana na zake. Watetezi wa uhuru wa mtu binafsi walioko katika taasisi ya Cato nimewaacha kando, kwa kuwa wengi wao wenyewe hawapendi kuitwa wahafidhina.

Mtu mmoja anaweza kuwa katika mikondo miwili kwa pamoja. Kwa miongo mitatu ule wa kwanza na wa pili uliishi chini ya paa moja kwa hoja ya mwandishi Frank Meyer, aliyesema kwamba wema unaolazimishwa na serikali si wema, hivyo uhuru na maadili vinahitajiana. Ukomunisti ukiwa adui wa wote wawili, tofauti zao zilivumilika. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, kilichowashikanisha kilipungua nguvu.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vitano: kila mkondo unaogopa nini zaidi, unasema nini kuhusu kodi, biashara na ajira, unawatendeaje wasiojiweza, una msimamo gani kuhusu familia, shule na utoaji mimba, na unawapokeaje wanaotaka kuingia nchini. Cha kwanza ndicho kinachoelekeza vingine vyote, na kwa maoni yangu anayekiruka atashindwa kueleza kwa nini watu wa chama kimoja hugombana juu ya ushuru wa chuma au bima ya afya.

Hofu iliyo mbele

Wafuasi wa soko huru wanaiogopa serikali kuu. Kwao, Katiba ya 1787 iliigawa mamlaka kati ya Washington na majimbo kwa sababu mwenye madaraka makubwa huyatumia vibaya hata akiwa na nia njema. Kauli ya Reagan ya siku ya kuapishwa, kwamba serikali si suluhisho bali ndiyo tatizo, hunukuliwa sana, ingawa wanaoinukuu huacha maneno yaliyotangulia, ambamo alisema anazungumzia mgogoro wa wakati ule.

Hofu hiyo ina historia ambayo msomaji mwenye asili ya Afrika hawezi kuipita bila kuitazama. Mwaka 1964 Goldwater aliipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia, akisema baadhi ya vifungu vyake viliipa serikali kuu uwezo ambao Katiba haikuutoa. Alikuwa ameziunga mkono sheria za 1957 na 1960, na watetezi wake hulikumbusha hilo. Lakini katika majimbo sita aliyoyashinda mwaka huo, ukiondoa Arizona kwao, matano yalikuwa ya Kusini, yaliyokuwa yakipinga vikali usawa wa rangi, na wapiga kura weusi waliondoka kwa wingi katika Republican, chama cha Abraham Lincoln. Baadaye walijitokeza wahafidhina weusi wenye uzito mkubwa, akiwemo mchumi Thomas Sowell na Jaji Clarence Thomas, wanaoamini kwamba mkono wa serikali umewadhuru Wamarekani weusi kuliko ulivyowasaidia. Msomaji apime hoja zote mbili, kwani hakuna inayoifuta nyingine.

Wafuasi wa dini na familia wanaogopa kuvunjika kwa ndoa, kudhoofika kwa makanisa, na sheria kugeuka mwalimu wa mambo wanayoyaona kuwa dhambi. Serikali kwao si adui wala rafiki, inategemea inafundisha nini. Wa taifa kwanza wanawaogopa wakubwa: makampuni yanayohamisha viwanda, vyuo vikuu, watumishi wa ngazi za juu mjini Washington na waliosaini mikataba ya biashara. Kwa kuwa adui wao hayuko serikalini peke yake, hawaoni haya kuitumia serikali kumbana, na hapo ndipo wanapoachana waziwazi na mkondo wa Reagan.

Kodi, biashara na ajira

Mkondo wa soko huru una rekodi ndefu zaidi katika kigezo hiki. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 70 Reagan alipoingia, na kufikia 1988 kilikuwa asilimia 28. Sheria ya 2017 ikashusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Hoja ni kwamba mtaji hukimbilia pale unapotozwa kidogo, na mtu anayebaki na sehemu kubwa ya jasho lake huongeza bidii.

Jimbo la Kansas lilijaribu hoja hiyo kwa ukali usio wa kawaida. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alipunguza kodi ya mapato na kuwaondolea kabisa kodi hiyo ya jimbo wenye biashara ambazo faida yake huhesabiwa kuwa mapato ya mmiliki mwenyewe. Mapato ya jimbo yakaporomoka, fedha za barabara zikahamishiwa matumizi mengine, shule zikabanwa. Mwaka 2017 bunge la jimbo, lenye wabunge wengi wa Republican, lilirudisha kodi na kuishinda kura ya turufu ya gavana wa chama chao. Wapinzani wa soko huru hupenda kuishia hapo. Watetezi nao hujibu kwamba Kansas ilikata kodi bila kukata matumizi kwa kiasi kile kile, wakati North Carolina, iliyoanza mwaka 2013 kwa kushusha viwango hatua kwa hatua na kufuta misamaha mingi, haikukumbwa na balaa hilo. Nadhani wote wawili wana haki: somo la Kansas linahusu namna kodi ilivyokatwa kuliko kukatwa kwenyewe.

Mkondo wa taifa kwanza unaanzia kwingine. Wafuasi wake wanataja NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Mexico ulioanza kutumika 1994, na kuingia kwa China katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, kisha wanaonyesha miji ya Ohio na Michigan iliyobaki na majengo ya viwanda yasiyo na mashine. Dawa yao ni ushuru wa forodha: asilimia 25 kwa chuma na asilimia 10 kwa alumini mwaka 2018, na mwingine mpana zaidi mwaka 2025.

Mfano mzuri wa kuupima ni mashine za kufulia nguo, zilizowekewa ushuru Januari 2018. Wachumi waliofuatilia bei walikuta mashine hizo zimepanda kwa takriban asilimia 12, na mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa ushuru wowote, nazo zilipanda karibu sawa, kwa sababu Wamarekani huzinunua mbili kwa pamoja na wauzaji waligawanya nyongeza. Upande wa pili, Samsung ilifungua kiwanda Newberry, South Carolina, na LG ikafungua chake Clarksville, Tennessee, ingawa mipango ya viwanda hivyo ilitangazwa 2017 kabla ushuru haujaanza kutozwa. Wa soko huru anaitazama bei aliyolipa kila mnunuzi nchini. Wa taifa kwanza anawatazama waajiriwa wa Newberry, mji mdogo ambao usingependeza mwekezaji kwa urahisi. Wamekubaliana juu ya matukio, wanatofautiana juu ya nani ahesabiwe kwanza.

Mkondo wa dini na familia hauna nadharia kubwa ya uchumi. Alama yake inaonekana katika punguzo la kodi kwa wenye watoto, lililopandishwa kutoka dola 1,000 hadi 2,000 kwa kila mtoto mwaka 2017 kwa msukumo wa maseneta Marco Rubio na Mike Lee, kisha hadi 2,200 mwaka 2025.

Msaada kwa wasiojiweza

Sheria iliyo mfano hapa ni ya 1996. Iliandikwa na Bunge lililoongozwa na Republican wakati wa Spika Newt Gingrich, ikasainiwa na Rais Bill Clinton wa Democratic. Iliweka kikomo cha miezi 60 cha msaada wa fedha taslimu kutoka mfuko wa serikali kuu na kuwataka wanaopokea wafanye kazi au wajiandae kufanya kazi. Mkondo wa soko huru unaihesabu kuwa ushindi wake mkubwa wa kijamii, na sharti la 2025 la saa 80 za kazi, masomo au huduma kwa jamii kila mwezi kwa sehemu ya watu wazima wanaopata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, linatoka katika fikra hiyo hiyo. Wakosoaji wanasema watu wengi hupoteza msaada kwa kushindwa kujaza fomu, si kwa uvivu.

Wa dini na familia hupendelea kanisa, msikiti au shirika la jirani limfikie mhitaji kabla ya ofisa wa serikali. Rais George W. Bush aliwafungulia mlango Januari 2001 kwa ofisi maalumu ya mashirika ya kidini katika White House. Wa taifa kwanza wana hesabu tofauti, kwa kuwa wapiga kura wao wengi ni wafanyakazi na wazee: Bush alipojaribu mwaka 2005 kugeuza sehemu ya mafao ya uzeeni ya Social Security kuwa akaunti binafsi, mpango ulikufa bungeni, na Trump mwaka 2016 aliahidi kutoyagusa mafao hayo wala bima ya wazee. Ahadi haimaliziki kirahisi hivyo. Mwaka 2025 Seneta Josh Hawley wa Missouri alikemea hadharani mapendekezo ya kukata Medicaid, kisha akaupigia kura ya ndiyo muswada uliokuwa na makato.

Familia, shule na utoaji mimba

Katika vocha za shule, yaani fedha za umma anazopewa mzazi kulipia shule binafsi anayoichagua, mikondo miwili hufika mahali pamoja kwa njia mbili. Milton Friedman alipendekeza vocha mwaka 1955 akiamini ushindani utazinyanyua shule kama unavyonyanyua bidhaa. Watu wa dini walizitaka kwa sababu wanaamini mzazi, si jimbo, ndiye mwenye mamlaka ya kwanza juu ya malezi ya mtoto. Milwaukee ilianza mwaka 1990, Mahakama ya Juu ikaruhusu vocha katika shule za kidini mwaka 2002, na Arizona ikafungua mpango wake kwa wanafunzi wote mwaka 2022. Texas ilichelewa hadi 2025, na miongoni mwa waliouzuia mpango kwa miaka mingi walikuwa wabunge wa Republican wa vijijini, ambao wilaya zao zina shule moja ya umma isiyo na mshindani wa kushindana naye.

Kuhusu utoaji mimba mkondo wa pili hauna mshirika wa kudumu. Ulisubiri karibu miaka 50, ukisaidiwa na mtandao wa wanasheria wa Federalist Society ulioanzishwa 1982, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha hoja hiyo kwa majimbo tarehe 24 Juni 2022. Wiki chache baadaye wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican, walikataa kwa takriban asilimia 59 kuiondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo. Trump aliyasoma matokeo ya namna hiyo, na mwaka 2024 akasema majimbo yaamue. Kwa anayeamini kwamba mimba ni uhai wenye haki kamili, jibu hilo halitoshi. Kwa mhafidhina wa soko huru, ambaye mara nyingi angependa suala hili lisizungumzwe, linatosha kabisa.

Wanaotaka kuingia

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoguswa moja kwa moja. Wa soko huru huiona nguvukazi kuwa sehemu ya soko, na mbali na sheria ya Reagan ya 1986, ni Rais George H. W. Bush aliyesaini mwaka 1990 sheria iliyozaa bahati nasibu ya viza ambayo Wakenya na majirani zao wengi wameitumia. Wa dini wamegawanyika. World Relief, shirika la misaada la Wakristo wa kiinjili, limewapokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, na Wakongo ndio walioongoza kwa idadi miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Marekani mwaka 2019. Hata hivyo waumini wengi wa makanisa yayo hayo humpigia kura mgombea anayeahidi kufunga mlango.

Wa taifa kwanza hawagawanyiki. Kwao uhamiaji mwingi hushusha mishahara ya wenyeji na kulegeza mshikamano wa nchi. Amri ya Juni 2025 iliyozuia au kubana viza za nchi kadhaa iliigusa pia Burundi, ambayo ilikuwa miongoni mwa zilizobanwa kwa sehemu. Tozo ya asilimia 1 inayokatwa tangu Januari 2026 kwa fedha zinazotumwa nje inatokana na fikra hiyo hiyo: humpata anayelipa kwa noti au hundi za malipo dirishani kwa wakala, na humwacha anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko. Katika rasimu ya kwanza ya Baraza la Wawakilishi ilikuwa asilimia 5, na iliwalenga wasio raia.

Uchaguzi kulingana na hali

Mwenye biashara ndogo, dereva wa lori anayemiliki gari lake au muuguzi aliyefungua wakala wa huduma za nyumbani atakuta mkondo wa soko huru unazungumza lugha ya hesabu zake. Aangalie tu kama wateja au wafanyakazi wake wanategemea Medicaid, kwa sababu anachookoa kwenye kodi kinaweza kupungua upande huo.

Mzazi wa Kikristo au wa Kiislamu anayetaka mwanawe asome shule ya dini, au ambaye suala la utoaji mimba liko juu ya mengine yote, atakuwa karibu zaidi na mkondo wa pili. Akiwa Mwislamu, asisahau kwamba viongozi wengi wa mkondo huo ni Wakristo wa kiinjili na Wakatoliki, na kwamba kukubaliana nao juu ya ndoa hakumhakikishii kukubaliana nao juu ya msikiti mpya mtaani. Akiwa kijijini, aulize kwanza kama kuna shule ya kupeleka hiyo vocha.

Mfanyakazi wa kiwandani ambaye ajira yake inashindana na bidhaa za nje ana sababu ya kuwasikiliza wa taifa kwanza, ili mradi ajue kwamba nyongeza ya bei ataikuta dukani pia. Familia inayomngojea ndugu aliyeko Bujumbura au katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ipime uhamiaji kabla ya kingine chochote, na katika kigezo hicho wa soko huru wa zamani na baadhi ya watu wa makanisa ndio walio karibu nayo. Anayetuma fedha nyumbani kila mwezi anaweza kuikwepa tozo kihalali kwa kubadili njia ya malipo, kwa hiyo si lazima jambo hilo peke yake liamue kura yake.

Kwa mwanafunzi au mwandishi wa habari, sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo Trump aliisaini tarehe 4 Julai 2025 ni zoezi zuri: viwango vya kodi vilivyofanywa vya kudumu vinatoka mkondo wa kwanza, nyongeza ya punguzo la watoto inaonyesha alama ya wa pili, na mabilioni ya ukuta wa mpakani pamoja na tozo ya fedha zitumwazo nje ni ya wa tatu. Akitenganisha vifungu hivyo, ataacha kuandika kwamba wahafidhina wanataka hili au lile.

Anabaki yule ambaye shida yake kuu ni deni la taifa, na huyo ndiye ninayemwonea huruma, kwani hakuna mkondo uliomtendea haki ukiwa madarakani. Deni lilikaribia kuongezeka mara tatu chini ya Reagan, na Oktoba 2025 lilivuka dola trilioni 38. Asichague mkondo, atazame kura za mbunge mmoja mmoja: Rand Paul katika Seneti na Thomas Massie katika Baraza la Wawakilishi, wote wa Kentucky, waliipigia sheria hiyo ya 2025 kura ya hapana kwa sababu ya deni, wakati wenzao karibu wote walisema ndiyo.